Gari Lililovuliwa Vioo

Septemba 1966, watazamaji wa televisheni Marekani walionyeshwa chombo cha angani kisicho na mapezi wala moto wa roketi. Mchoraji wake, Matt Jefferies, aliunganisha sahani kubwa na mirija miwili, akaficha mitambo yote ndani. Hoja yake ilikuwa ya kifundi: cha nje kikiharibika, itabidi mtu atoke nje, angani, kwenda kukitengeneza. Hicho ndicho Enterprise cha tamthilia ya Star Trek, ambacho afisa wake wa mawasiliano, Uhura, alipata jina kutoka Kiswahili chetu.

Kenya nayo ilipewa nafasi ya kuthubutu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa na sura mbaya, hata likienda polepole. Ni mchoraji gani mwingine duniani amewahi kupewa ruhusa kama hiyo? Lakini Nyayo Pioneer iliyozinduliwa Kasarani mwaka 1990, kando ya barabara ya Thika, ilikuja na sura ya magari madogo yaliyokuwa yamezoeleka mjini. Sokoni haikufika.

Uthubutu wenyewe ulitokea Thika robo karne baadaye, katika kiwanda cha zamani cha Leyland ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers, KVM. Humo ndimo yalimoundwa magari ya kwanza ya Mobius II. Mwingereza Joel Jackson, aliyewahi kufanya kazi na wakulima wa miti huko Pwani, alikuwa ameona barabara za mashambani zinavyoyatesa magari, akaanza kulivua gari kimoja kimoja. Kiyoyozi, nje. Usukani wa nguvu, nje. Hata vioo vya madirishani vikaondolewa. Kilichobaki ni fremu ya mabomba ya chuma, tumbo lililoinuka juu ya mawe, na sura ya mraba isiyomwomba mtu radhi. Nguvu ilikwenda magurudumu mawili tu, maana kuyaendesha yote manne kungepandisha bei.

Mimi nililipenda gari hilo. Wanunuzi wengi hawakulipenda, na siwalaumu: bei ilikaribia shilingi milioni moja, na kwa pesa hizo yadi ingekupa Toyota ya mtumba kutoka Japani, yenye redio na vioo vyake. Mwaka 2018 kampuni ya Mobius ikaleta toleo jipya lililovishwa tena, kisha Mobius 3 mwaka 2021. Yalikuwa magari ya heshima zaidi, ila ukiyatazama huoni tena lile swali la kwanza: gari linahitaji nini hasa? Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba inafunga.

KVM haijalala. Sasa inaunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo, na safari hii kilichovuliwa ni injini yenyewe ya dizeli. Watu wa Ruiru, mji ulio kwenye barabara hiyohiyo ya Thika, wana haki ya kutabasamu, kwa kuwa mto wao ndio uliozalisha umeme wa maji wa Nairobi mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini lisimamishe basi hilo stejini Ruiru, kati ya matatu zilizochorwa wanamuziki na wachezaji mpira, nalo litaonekana basi la kawaida tu. Injini imeondoka, sanduku limebaki vilevile. Jefferies angeuliza kwa nini.