Mtindi wa Bulgaria, Mursik na Sifa Zilizopita Kiasi

Mwaka 1905, katika maabara ya Profesa Léon Massol mjini Geneva, kijana wa Kibulgaria aitwaye Stamen Grigorov aliuchunguza mtindi wa kwao kwa hadubini, akakuta humo bakteria wenye umbo la vijiti wanaogandisha maziwa. Baadaye bakteria hao waliitwa bulgaricus, kwa heshima ya nchi yake. Mambo yalikuzwa Paris. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa utafiti wa kinga ya mwili, alishikilia kwamba uzee huharakishwa na sumu za vijidudu vinavyoozesha chakula katika utumbo mpana, na kwamba asidi ya mtindi huvizuia. Miongoni mwa mashahidi wake walikuwa wakulima wa Bulgaria, waliosifika kwa kuishi miaka 100 na zaidi.

Ushahidi huo haunitoshi. Aliyekuwa na miaka 100 wakati ule alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, kijijini, chini ya utawala wa Osmani. Umri wake ulitegemea kumbukumbu za watu, si cheti. Tena bakteria hao hawafanyi makazi katika utumbo wa binadamu, hupita tu. Na leo Bulgaria, ambako mtindi haukosekani mezani, ni miongoni mwa nchi za Umoja wa Ulaya zenye wastani mdogo kabisa wa umri wa kuishi.

Wakalenjin wa Kenya nao wana mursik, maziwa yao ya kugandisha kibuyuni, na mursik nayo imebebeshwa mzigo. Mwanariadha akirudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu, hunyweshwa mbele ya kamera, na watazamaji huondoka wakiamini kwamba siri ya mbio wameiona. Kunywesha huko ni heshima, na ninaipenda. Lakini mbio zinatokana na mengi: miinuko kama ya Iten, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mazoezi ya alfajiri mwaka mzima, na vijana wengi wanaoiona riadha kuwa njia ya kujikwamua. Kuyamaliza yote hayo kwa maziwa ni kumnyima mkimbiaji jasho lake.

Ninachokiona kikubwa zaidi ni ufundi wenyewe. Bibi wa Kibulgaria huchemsha maziwa, huyaacha yapoe mpaka kidole cha mwisho kistahimili joto lake, hutia kijiko cha mtindi wa jana, kisha hufunika chungu kwa blanketi. Blanketi lina sababu: bakteria wake hustawi kwenye nyuzi 42 hadi 45, na kwa saa chache maziwa yameganda. Mama wa Kikalenjin hana haja ya joto hilo. Huchoma kijiti cha mti wa senetwet, huusugua ndani ya kibuyu mkaa wake ungali moto, humimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, hufunga, na kuacha kwa siku kadhaa, hata wiki. Yakitoka yana rangi ya kijivu na harufu ya moshi.

Mursik haijapata mtu wa Nobel wa kuitangaza, wala kampuni kama Meiji ya Japani, ambayo tangu 1973 inauza mtindi kwa jina la Bulgaria. Imepata watafiti waliokuta humo asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo. Hilo halijathibitisha kwamba mursik huua, ila wanywaji wanastahili kuelezwa waziwazi, kama wanavyoelezwa habari za medali.

Kwa mtindi, Umoja wa Ulaya umekubali dai moja dogo: bakteria wake humsaidia mtu ambaye tumbo lake halimudu laktosi, sukari ya maziwa. Kwa watu wazima wengi, ambao glasi ya maziwa yasiyoganda huwavuruga tumbo, hilo si jambo dogo. Lakini lazima kila gramu iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda, ili udumu dukani, hauna haki ya kujitangaza hivyo.