Bolivia: Nchi isiyo na bahari, yenye jeshi la wanamaji

BOLIVIA ni nchi iliyo katikati ya bara la Amerika ya Kusini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,098,581. Inapakana na Brazili, Paragwai, Ajentina, Chile na Peru. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2024, ina wakazi zaidi ya milioni 11.

Magharibi mwa nchi kuna milima ya Andes, na mashariki ni tambarare zenye joto zinazoungana na misitu ya Amazon. Mji mkuu kikatiba ni Sucre, lakini Serikali na Bunge viko La Paz, mji ulio takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari.

Fedha iligunduliwa Potosí mwaka 1545, na kwa miaka mingi wenyeji walilazimishwa kuichimba kwa zamu. Uhuru ulitangazwa Agosti 6, 1825, na nchi ikapewa jina la mkombozi Simón Bolívar, mzaliwa wa Venezuela.

Wakati huo Bolivia ilikuwa na pwani yake katika bahari ya Pasifiki. Iliipoteza kwa mgogoro ulioanzia kwenye kodi ya senti 10 tu. Mwaka 1878 iliamua kutoza kiasi hicho kwa kila kwintali ya naitreti, madini ya mbolea na baruti, iliyosafirishwa na kampuni ya Chile. Kampuni ilipokataa kulipa, Serikali iliamuru mali zake zipigwe mnada. Februari 14, 1879, siku iliyopangwa kwa mnada huo, majeshi ya Chile yaliteka bandari ya Antofagasta.

Peru, iliyokuwa na mkataba wa siri na Bolivia tangu 1873, nayo iliingizwa vitani. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Bolivia iliridhia kuiachia Chile pwani hiyo moja kwa moja, ikapewa haki ya kupitisha mizigo na reli ya Arica hadi La Paz, iliyokamilika 1913.

Mwaka 2013 Bolivia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Oktoba 1, 2018, majaji 12 dhidi ya watatu waliamua kuwa Chile haikubanwa kisheria kujadili suala hilo, ingawa walisema uamuzi huo usizuie mazungumzo.

Jeshi la wanamaji la Bolivia hufanya doria katika mito na Ziwa Titicaca, na kila Machi 23 nchi huadhimisha Siku ya Bahari.