Sampuli Ndogo ya Nasibu

Sampuli ndogo ya nasibu ni sehemu inayochotwa kutoka kwenye kundi kubwa la watu au data zilizokwisha kuorodheshwa, kwa utaratibu unaompa kila mmoja nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Thamani yake inatokana kwanza na namna ya kuchota, na wingi hufuata baadaye. Mwaka 1936, kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, jarida la Literary Digest la nchi hiyo lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10, hasa kwa watu waliomo katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kuwa Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa takribani asilimia 61. Lakini miezi kadhaa kabla ya hapo, mpimaji wa maoni ya umma George Gallup alikuwa amechota majina 3,000 tu kutoka orodha za aina hiyohiyo, akawatumia wenye majina hayo postikadi, na kutabiri karibu kabisa kosa ambalo jarida lingelifanya. Majina 3,000 yalifanya kazi ya mamilioni, kwa sababu kosa la bahati hutegemea idadi iliyochotwa zaidi kuliko ukubwa wa orodha: kwa watu 3,000 aghalabu halizidi asilimia 2. Ila orodha ilikuwa imewaacha nje maskini wengi, na nasibu haiwezi kumchagua asiyeorodheshwa.

Wapo wanaouliza kwa nini mtafiti aache data anazoweza kuzipata. Jibu ni kwamba kipimo kirefu kikifanywa kwa wote hufanywa kwa pupa. Katika utafiti wa idadi ya watu na afya uliofanyika Kenya mwaka 2014, wanaume walihojiwa katika nusu tu ya kaya zilizochaguliwa. Kazi ya namna hii hutaka nidhamu: kaya huteuliwa mapema, na mhojaji akikuta mlango umefungwa hurudi siku nyingine, haruhusiwi kubisha kwa jirani aliyepo nyumbani, maana wanaoshinda nyumbani hawafanani na wanaotoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Mtakwimu wa India P. C. Mahalanobis alikwenda mbali zaidi. Alipokuwa akikadiria zao la juti huko Bengal, aligawa sampuli yake katika sehemu mbili za nasibu katika eneo lilelile, kila moja ikapimwa na kundi lake la wapimaji. Majibu yakitofautiana kupita kiasi, tatizo lilikuwa kwa wapimaji, na hilo lisingeonekana kamwe kama wote wangepima kwa pamoja.

Hoja nzito zaidi ni kwamba makundi madogo hupotea: wafugaji wachache wa wilaya moja wanaweza wasiguswe kabisa. Ni kweli, na ndiyo sababu orodha hugawanywa kwanza katika matabaka, kisha nasibu hufanyika ndani ya kila tabaka, na matokeo hupewa uzito unaostahili. Bahati mbaya nayo ipo, lakini hiyo tayari imehesabiwa katika kiwango cha makosa. Kisichohesabika ni mtafiti anayechota tena na tena mpaka apate jibu analolipenda, kwa hiyo namba inayoanzisha uchotaji katika kompyuta huandikwa kabla ya matokeo kutazamwa, ili mwingine aweze kuchota sampuli ileile na kuihakiki.