Mbwa Kufunguliwa Kamba: Historia ya Viwanja vya Mbwa Mjini na Somo Lake kwa Mfugaji

Leo tunaweka pembeni mahindi na kuku, tuzungumze habari ya mbwa.

Ukimwambia mtu wa kijijini kwamba Marekani kuna viwanja vya umma vilivyozungushiwa uzio ili mbwa wakakimbie na kucheza, atacheka. Kwetu mbwa hahitaji kiwanja. Jioni anafunguliwa, anazunguka kijiji kizima, alfajiri anarudi mwenyewe. Lakini historia ya viwanja hivyo haichekeshi. Vilizaliwa na ugomvi uleule tunaousuluhisha kila siku kwenye ofisi za vijiji: mbwa kamng'ata mtoto wa watu, mbwa kaua mbuzi wa jirani, mbwa kachafua mlangoni kwa mtu. Kiwanja cha mbwa ni makubaliano kati ya wenye mbwa na wasio na mbwa, na makubaliano hayo yamejengwa hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 100. Ukizijua hatua hizo utajua kuchagua kiwanja kizuri ukiwa mjini, na utajua pia namna ya kumwachia mbwa wako nyumbani bila kuleta msiba.

Hatua ya kwanza: ugonjwa

Karne ya 19 jiji la London lilikuwa na mbwa wengi waliozurura mitaani, na kichaa cha mbwa kilikuwa kinaua watu. Mwaka 1867 ilipitishwa sheria iliyowapa polisi wa London uwezo wa kukamata mbwa wanaozurura. Baadaye zikatoka amri za kufunga midomo ya mbwa wote wanapokuwa barabarani. Amri zilipolegezwa, ugonjwa ulirudi. Kuanzia mwaka 1897 waziri wa kilimo, Walter Long, alizisimamia kwa ukali, na mbwa waliotoka nje ya nchi wakawekewa masharti ya karantini.

Wenye mbwa walikasirika. Walisema kumfunga mbwa mdomo ni ukatili, na vyama vya kutetea mbwa vikapiga kelele. Long hakurudi nyuma, na mwaka 1902 Uingereza ilikuwa haina tena kichaa cha mbwa. Ugonjwa uliingia tena mwaka 1918, na inaaminika uliletwa na mbwa walioingizwa kwa siri na askari waliotoka vitani. Ulimalizwa tena mwaka 1922.

Zingatia kwamba ushindi ule ulipatikana kwa kufunga mdomo na kukamata mbwa wa mitaani. Chanjo iliyokuwapo ilikuwa ya mtu aliyekwisha kung'atwa, ile aliyoitumia Louis Pasteur mara ya kwanza Julai 1885 kumtibu kijana Joseph Meister. Kampeni kubwa za kuchanja mbwa wenyewe Marekani zilishika kasi miaka ya 1940. Hapo ndipo iliwezekana hata kufikiria kumfungulia mbwa kamba katikati ya jiji. Kwa hiyo msingi wa kila kiwanja cha mbwa ni chanjo, na pasipo chanjo uzio wote hauna maana.

Hatua ya pili: kinyesi

Baada ya hofu ya kichaa kupungua, ugomvi ulihamia chini ya viatu. New York watu wanaishi kwenye maghorofa na mbwa hana ua, hivyo haja yake anaimalizia njiani. Wasio na mbwa walichoka. Tarehe 1 Agosti 1978, wakati Ed Koch akiwa meya, ilianza kutumika sheria ya kumtaka kila mwenye mbwa aokote kinyesi cha mbwa wake na kukitupa panapostahili.

Wengi waliamini haitawezekana, kwa sababu polisi hawawezi kumfuata kila mbwa. Ikawezekana, kwa kuwa majirani wenyewe ndio waliogeuka wasimamizi. Ukimwacha mbwa achafue ukaondoka, unasemwa hadharani. Kwa jambo kama hili aibu hufanya kazi pale faini isipofika, na hilo mtendaji yeyote wa kijiji analijua.

Hatua ya tatu: uzio

Mwaka uliofuata, 1979, upande wa pili wa Marekani katika mji wa Berkeley, California, lilitokea jambo jipya. Miaka ya 1960 mji ule ulikuwa unapitishiwa reli ya abiria. Mwaka 1966 wananchi walipiga kura wakakubali kulipia gharama ili reli ipite chini ya ardhi, isije ikaukata mji wao vipande viwili. Nyumba zilizokuwa juu ya njia ya reli, kando ya barabara ya Hearst, zilibomolewa. Reli ilipokwisha kufukiwa, juu ulibaki ukanda mrefu wa ardhi tupu.

Ardhi tupu mjini haikai bila kugombewa. Mwaka 1969 wakazi waliingia na kupanda miti na maua bila kibali. Baada ya miaka ya mvutano eneo likawa bustani ya umma inayoitwa Ohlone, jina la wenyeji wa asili wa sehemu ile. Ndani yake, mwaka 1979, kipande kidogo kilizungushiwa uzio kwa majaribio ili mbwa wafunguliwe humo. Kiwanja hicho kinatajwa sana kuwa cha kwanza cha aina yake Marekani.

Wenye mbwa walipata sehemu ya kuwaachia, na mama mwenye mtoto mchanga, au mzee mwenye fimbo, akapata bustani iliyobaki akiwa na uhakika kwamba hatarukiwa. Usafi wa kiwanja na ukarabati ulibebwa kwa sehemu kubwa na wenye mbwa wenyewe kupitia umoja wao. Serikali ya mji ilitoa ardhi, watumiaji wakatoa nguvukazi. Sisi tunauita mtindo huo kamati ya watumiaji, kama ile ya kisima au ya josho.

Hatua ya nne: saa

Si kila mji una ardhi ya kugawa. New York ilifungua kiwanja chake rasmi cha kwanza cha mbwa mwaka 1990 katika bustani ya Tompkins Square, lakini mbwa wa jiji lile hawawezi kutosha kwenye vipande vidogo vya uzio. Sheria ya afya ilitaka mbwa awe kwenye kamba isiyozidi futi 6. Hata hivyo kwa miaka mingi wasimamizi wa bustani kubwa, kama Central Park na Prospect Park, waliwavumilia waliowafungulia mbwa usiku na asubuhi na mapema, wakati watu ni wachache.

Mwaka 2006 chama cha wakazi wa eneo la Queens kilikwenda mahakamani kupinga uvumilivu huo. Mahakama iliupa mji haki, na mwaka 2007 utaratibu ukaandikwa kabisa kwenye kanuni. Katika maeneo yaliyotajwa, mbwa anaweza kufunguliwa tangu bustani inapofunguliwa hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 3 usiku hadi bustani inapofungwa. Sharti ni kwamba mwenye mbwa awe na leseni ya mbwa na uthibitisho wa chanjo ya kichaa.

Kwa hiyo ardhi ileile inaweza kutumiwa na watu wawili wasiopatana, mradi saa zao ziwe tofauti. Wakulima na wafugaji wanaogombania mabaki ya mazao shambani wanaweza kulitafakari hilo.

Ugomvi haukuisha

Usidhani kwamba wenzetu wamemaliza. Karibu na San Francisco kuna Fort Funston, ngome ya zamani ya jeshi kando ya bahari, iliyoingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 1972. Mwaka 1979 sera iliruhusu mbwa kufunguliwa pale. Lakini kwenye majabali yake wapo mbayuwayu wanaochimba viota, na wahifadhi wakadai ndege walindwe. Mvutano ulifika mahakamani. Mpango wa kubana maeneo ya mbwa uliandaliwa kwa miaka mingi, ukaja kuachwa mwaka 2017. Ng'ambo ya ghuba ileile, Richmond, kiko kiwanja cha Point Isabel chenye ukubwa wa takribani ekari 23, zaidi ya viwanja kumi vya mpira, na mbwa hukimbia humo bila kamba. Mahali pamoja wanagombana, pengine wamepatana, kwa sababu kila kipande cha ardhi kina wenyewe wengine, hata kama wenyewe hao ni ndege.

Na kwetu je?

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mwaka 1912 kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Sisi Tanzania tunalo pia somo la mwaka 1994, pale ugonjwa wa distempa ulipoua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na kuanzia hapo uchanjaji wa mbwa katika vijiji hivyo ukatiliwa mkazo. Mbwa mmoja anayezurura bila chanjo anaweza kuanzisha kifo kinachofika mbali kuliko miguu yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Shirika hilo linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo ili ugonjwa ukatike. Maana yake katika kila mbwa kumi, saba wawe na chanjo. Wako akiwa miongoni mwa watatu waliobaki, umewaachia jirani zako mzigo wako.

Namna ya kutambua kiwanja kizuri

Kama unaishi mjini, unauzia watu wa mjini watoto wa mbwa, au una ndugu ughaibuni anayefuga, angalia haya kabla ya kufungua kamba:

1. Masharti ya chanjo. Kiwanja kisichojali chanjo ni cha kukimbia. Mtoto wa mbwa asipelekwe kabla hajamaliza chanjo zake.
2. Uzio na geti mbili. Unaingia geti la kwanza, unalifunga, unamfungulia kamba, ndipo unafungua la pili. Hivyo mbwa hachomoki kwenda barabarani. Kagua chini ya waya kama kuna mashimo.
3. Sehemu ya mbwa wadogo peke yao. Mbwa mkubwa humuumiza mdogo hata kwa mchezo.
4. Usafi. Kuwe na pipa la kinyesi linalotumika kweli. Kinyesi cha mbwa hueneza minyoo, na mingine huingia kwa mifugo na kwa binadamu.
5. Maji safi na kivuli. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Jua la mchana likimkuta anakimbia linaweza kumuua.
6. Wenye mbwa wenyewe. Simama nje dakika tano uangalie. Kama watu wanatazama simu huku mbwa wanagombana, rudi nyumbani.

Kijijini ufanye nini

Huna haja ya kiwanja cha umma. Zichukue zile hatua nne uzilete nyumbani.

Chanjo: mchanje mbwa akifikisha miezi mitatu, urudie kila mwaka, na utunze cheti. Uliza ofisi ya mifugo ya kata lini kampeni inakuja. Nyingi hufanyika kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kinyesi: zoa, fukia, na usimwache mbwa kwenye malisho wala karibu na machinjio. Usimpe viungo vibichi vyenye uvimbe wa maji, maana ndivyo anavyopata minyoo ya kurudishia mifugo na watoto wako.

Uzio: boma la miti au waya linatosha. Mbwa wa ulinzi anaweza kulinda akiwa ndani ya ua.

Saa: mfungulie usiku ndani ya ua wako, na mchana mtoe kwa kamba. Na umfundishe kuitika anapoitwa akiwa bado mdogo, maana samaki mkunje angali mbichi.

Kwa mwenye ardhi pembezoni mwa mji, kuna la kufikiria. Uingereza baadhi ya wakulima huzungushia uzio kipande cha shamba na kukikodisha kwa saa kwa wenye mbwa. Mteja anaweka miadi, anaingia na mbwa wake peke yake, analipa, anaondoka. Kabla ya kununua waya, uliza kwanza kama wateja wapo karibu nawe, na weka sharti la cheti cha chanjo.

Mwisho, hili lisisahaulike. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akapate chanjo. Usipake mafuta, pilipili wala dawa ya majani, na usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Lakini akiwahi chanjo kabla ya dalili, anapona.

Kama mbwa wako hana cheti, wiki hii panga siku ya kumpeleka. Tukutane makala ijayo.