Mji Mkongwe wa Zanzibar na Makanisa Makuu Yake Mawili



Wapendwa katika Kristo, juma hili tunaomba mtufuate mbali kidogo na ziwa letu, mpaka Unguja. Wengi wetu hapa Nyakato tumezoea kuisikia Zanzibar katika habari za siasa au za karafuu na watalii. Ni wachache wanaoufikiria mji ule kuwa mji wa makanisa makuu. Hata hivyo unayo mawili, la Anglikana pale Mkunazini na la Katoliki la Mtakatifu Yosefu upande wa Shangani, na mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka moja hadi jingine kwa dakika chache tu, akipita katika vichochoro vyembamba ambamo watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida.

Tukisoma habari za miji ya kale ya Uingereza yenye makanisa makuu, kama Canterbury, tunaona kwamba kwa kawaida mji na kanisa hukua pamoja: nyumba huzunguka kanisa, soko huwa mlangoni pake, na barabara zote huelekea huko. Zanzibar mambo yalikuwa kinyume. Mji ulikuwapo kwanza, nao ulikuwa mji wa Waislamu, wenye Sultani wake, misikiti yake na biashara yake, na makanisa yalikuja baadaye kama wageni waliopewa kiwanja. Mgeni akipewa kiwanja hachagui sana. Kanisa Kuu la Anglikana lilipata kiwanja mahali palipokuwa soko la watumwa.

Hapo tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu habari yenyewe ni nzito.

Waanglikana wa Universities' Mission to Central Africa walianza kazi yao kufuatia wito alioutoa David Livingstone katika chuo kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Walijaribu kwanza huko bonde la Shire, karibu na Ziwa Nyasa, wakashindwa kwa vita, njaa na homa. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifia huko mwaka 1862. Mrithi wake, William Tozer, akahamishia misioni Zanzibar mwaka 1864, akiwa pamoja na Edward Steere, mtu aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa sana na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao ya hadharani. Sehemu ya kiwanja cha soko ilinunuliwa na sehemu nyingine ikatolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Siku ya Noeli mwaka uleule jiwe la msingi likawekwa, na Noeli ya mwaka 1877 ibada ya kwanza ikafanyika ndani ya jengo.

Jengo ni la mawe ya matumbawe, na dari lake ni kuba refu la saruji iliyochanganywa na matumbawe, bila boriti za mbao. Wengi walidhani halitasimama. Limesimama mpaka leo. Karibu na mlango wa magharibi kuna nguzo zilizowekwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. (Wale waliowahi kusimamia ujenzi wa kigango watamwelewa askofu huyu.) Altare, kwa mapokeo ya mji, iko pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma yake. Upo pia msalaba uliochongwa kutoka katika mti wa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, ambao chini yake wafuasi wa Livingstone waliuzika moyo wake. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, mwezi mmoja na siku chache kabla ya mkataba ule. Hakupata kusikia kwamba soko limefungwa.

Hapa linatujia jambo ambalo si watu wengi hulikumbuka. Mtakatifu Beda, mwandishi wa historia ya Kanisa la Uingereza, asimulia mapokeo kwamba Gregori, kabla hajawa Papa, aliwaona vijana wa Kiingereza wakiuzwa katika soko la Roma, akauliza wametoka wapi. Na kutokana na huruma ile alimtuma baadaye mmonaki Agustino, aliyefika Canterbury mwaka 597. Basi watu ambao Injili iliwafikia kwa sababu ya watoto wao waliouzwa sokoni, ndio waliokuja kujenga kanisa juu ya soko la watumwa la Zanzibar, karibu miaka 1,300 baadaye. Hatudhani kwamba Steere, aliyekuwa msomi, hakuyajua hayo.

Lakini, wapendwa, tusijiridhishe haraka. Kufungwa kwa soko hakukuwa kukomeshwa kwa utumwa. Baada ya mwaka 1873 watu waliendelea kusafirishwa kwa magendo, na mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yaliendelea kulimwa na watumwa. Amri ya kufuta hali ya utumwa kisheria ilitoka mwaka 1897, na hata hiyo ilikuwa na upungufu wake. Kwa hiyo kwa muda wa miaka ishirini kengele ya kanisa ililia Mkunazini, huku mita chache tu kutoka hapo wakipita watu ambao walikuwa bado mali ya watu wengine. Nasi Wakatoliki na ndugu zetu Waanglikana tuna neno la kujiuliza kuhusu desturi ya misioni za wakati ule ya kuwanunua watoto ili kuwakomboa. Nia ilikuwa njema na wengi waliokolewa kweli. Hata hivyo, fedha iliyolipwa ilimfikia muuzaji, naye hakuuliza nia ya mnunuzi.

Wageni wanaofika Mkunazini huonyeshwa pia vyumba viwili vya chini ya ardhi, vyenye dari fupi na giza, katika jengo lililo jirani na kanisa. Wanaambiwa kwamba humo watumwa walifungiwa wakisubiri mnada. Baadhi ya wanahistoria wamelihoji jambo hilo, wakisema kwamba jengo lile lilijengwa na misioni yenyewe kwa ajili ya hospitali, baada ya soko kufungwa. Sisi tunaona ni vema waamini wetu walijue hilo kabla hawajaenda, kwani mateso ya mahali pale hayahitaji kutiwa chumvi. Sanamu zilizo nje, za watu watano waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni, zilizotengenezwa na msanii Msweden Clara Sörnäs na kuwekwa mwaka 1998, hazidai kuwa kitu cha kale, na kwa maoni yetu zinasema kweli zaidi kuliko vyumba vile.

Tena kuna habari moja ambayo tungependa isimuliwe zaidi. Miongoni mwa watoto waliokombolewa na kulelewa na misioni ya Zanzibar alikuwamo Myao mmoja aliyeitwa Cecil Majaliwa. Mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misioni ile, akaenda kufanya kazi kusini katika nchi ya Ruvuma. Kabla yake John Swedi alikuwa amepewa ushemasi mwaka 1879.

Upande wa Wakatoliki, padri Armand Fava alifika kutoka kisiwa cha Réunion mwishoni mwa mwaka 1860 pamoja na mapadri na masista, wakafungua hospitali na karakana. Mwaka 1863 kazi ikachukuliwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Antoine Horner, ambao mwaka 1868 walivuka kwenda Bagamoyo. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa baadaye, kati ya mwaka 1893 na 1898, kwa namna ya makanisa ya kusini mwa Ufaransa, lenye minara miwili inayoonekana kutoka baharini kabla boti haijafika gatini. Jambo la kushangaza ni kwamba ukiwa chini, ndani ya vichochoro, minara hiyo hupotea kabisa, na mgeni hulazimika kuuliza njia. Jimbo la Zanzibar liliundwa mwaka 1980, na askofu wake wa kwanza alikuwa Mhashamu Bernard Ngaviliau.

Ngome Kongwe, iliyoko mbele ya bahari, ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na kuta zake zilimeza mabaki ya kanisa dogo la Wareno. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilinusurika na mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika saa moja. Halikunusurika na uzee: siku ya Noeli mwaka 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii mvua kupenya ukutani.

Hatuwezi kuyataja makanisa ya Zanzibar tukamwacha Padri Evaristus Mushi. Alipigwa risasi na kufa Dominika ya tarehe 17 Februari 2013, alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Canterbury huenda mahujaji kwa sababu ya askofu Thomas Becket, aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwaka 1170. Padri Mushi hakuwa mtu wa mabishano na wafalme. Alikuwa mchungaji wa kundi dogo, miongoni mwa majirani Waislamu ambao wengi wao walisikitika pamoja na waamini wake. Tunaomba akumbukwe katika sala zenu.

Huenda msomaji wa Musoma au Butiama akauliza, hayo yote yanatuhusu nini? Mapadri Weupe wa msafara wa kwanza walipita pwani ile mwaka 1878 wakielekea ziwani kwetu, na kutoka katika kazi yao ilizaliwa, mwaka 1911, misioni ya Nyegina, ambako Mwalimu Nyerere alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943. Kuna na jambo jingine tunalolitumia kila siku bila kulifikiri. Steere alitumia miaka yake ya Zanzibar kukusanya maneno na hadithi za wenyeji, akatoa kitabu cha sarufi mwaka 1870, kisha akatafsiri Maandiko kwa lugha aliyoisikia katika vichochoro vile. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua Kiunguja, lugha ya mji huo, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ndicho Kiswahili anachosalia Mjita, Mkurya, Mzanaki na Mjaluo, wakiwa wameketi benchi moja siku ya Dominika.