Hospitali ya Serikali Ndani ya Ua wa Kanisa

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, maswali ya wananchi wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ni mawili: kadi nitaitumia wapi, na dawa nitazikuta? Kwa mtu wa Rubwera, Kyerwa, maswali hayo si mageni. Kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mgonjwa aliyeshindikana kwenye zahanati ya kijiji alipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Akifika huko alijikuta kwenye ua wa kanisa. Hospitali hiyo, Nyakahanga, ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba cheo cha hospitali teule ya wilaya.

Haikuwa Karagwe peke yake. Muleba walikuwa na Rubya ya Wakatoliki, Ngara walikuwa na Murgwanza ya Waanglikana. Serikali inalipa mishahara ya watumishi na kutoa ruzuku, kanisa linaendesha, na mwananchi anaambiwa hapo ndipo penye huduma ya serikali yake. Ukitaka kujua serikali imefanya nini kwa afya ya watu wa pande hizi, uanzie kwenye mpango huo.

Wakati wa ukoloni Wajerumani hawakuacha mengi katika afya, ingawa Robert Koch, akiwa katika koloni lao miaka ya 1897 na 1898, ndiye aliyethibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ni tauni. Waingereza walileta zahanati za serikali za wenyeji na madresa wa kufunga vidonda. Tiba ya kulazwa na kupasuliwa ilibaki kwa wamisionari kwa sehemu kubwa, na mgonjwa wa kijijini alifikishwa kwao kwa machela, wanaume wakipokezana mabegani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na madaktari Watanganyika 12. Ripoti iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa London, iliyochapishwa mwaka 1964, ilishauri serikali isikimbilie kujenga mahospitali makubwa mijini. Ijenge vituo vya afya vijijini, na ishirikiane na mashirika ya dini badala ya kushindana nayo. Ukiisoma ripoti hiyo leo unaona ramani ya Karagwe. Azimio la Arusha la 1967 liliutia ushauri huo nguvu ya siasa, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 fedha zilianza kuelekezwa vijijini.

Mwaka 1973 ndipo serikali ilipoonyesha inachoweza kufanya yenyewe. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikaa, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kila mtu akaenda kuchimba choo nyuma ya kibanja chake. Hakuna misheni, hata yenye fedha kiasi gani, ambayo ingeweza kuwainua watu kwa wingi huo.

Halafu ikaja sheria ya 1977 iliyopiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Dk. Leader Stirling, Mwingereza aliyefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 kama daktari wa misheni, akachukua uraia na kuingia bungeni. Daktari wa misheni ndiye aliyekaa kwenye kiti cha uwaziri wakati tiba ya faida ikifungiwa mlango! Hospitali za makanisa ziliachwa, kwa kuwa hazikuhesabiwa kuwa za faida. Kwa wilaya kama Karagwe maana yake ilikuwa moja: serikali na kanisa wakabaki wawili tu uwanjani.

Wakiwa wawili hivyo, ndipo Juliana alipoingia.

Vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha, na mpakani magendo yalishamiri. Miongoni mwa bidhaa zilizovuka kutoka Uganda zilikuwamo nguo zenye nembo ya Juliana. Baadhi ya waliozivaa, na wafanyabiashara waliozileta, wakaanza kukonda, kuharisha na kufa. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana. Wengine walisema ni uchawi wa Waganda waliodhulumiwa fedha zao katika biashara, kwa hiyo wagonjwa walipelekwa kwanza kwa waganga. Mwaka 1983 wagonjwa 3 walitambuliwa rasmi kuwa na UKIMWI, wa kwanza nchini. Walitambuliwa Ndolage, Muleba, katika hospitali ya Walutheri.

Ua wa kanisa uliutambua ugonjwa, lakini kuupima ukubwa wake kulihitaji taasisi za umma. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Umeå nchini Sweden, walipima watu wazima mkoani Kagera. Bukoba mjini walikuta maambukizi kwa asilimia 24.2. Bukoba vijijini na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe asilimia 4.5, na Ngara na Biharamulo asilimia 0.4. Tarakimu hizo zilimaliza ubishi wa nguo za Juliana. Ugonjwa ulikuwa ukifuata barabara na biashara, na Karagwe ilikuwa katikati ya njia. Mwaka 1988 serikali ikaanzisha mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI. Kagera ilikuwa imezika watu kwa miaka mitano tangu Ndolage. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ucheleweshaji mkubwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Marufuku ya hospitali za biashara iliondolewa mwaka 1991. Mwaka 1992 serikali ilitiliana saini na makanisa hati ya makubaliano, na baadhi ya taasisi za Kiislamu zililalamika, kwa haki, kwamba kodi ya wote inapitia mlango wa madhehebu mawili matatu. Mwaka 1993 kukaja uchangiaji wa gharama za matibabu, na 1994 wakimbizi wa Rwanda. Mpango wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Katika bajeti ya 2018/19 serikali ilitenga fedha za kujenga hospitali 67 za halmashauri. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Bukoba vijijini mwaka 2023, wagonjwa walikuwa 9, waliokufa 6, na hapo vyombo vya serikali vilijibu kwa wiki, si kwa miaka.

Majengo basi yameongezeka. Kinachouma ni kwamba mgonjwa bado anafika zahanati na daftari lake mkononi, anaandikiwa dawa, halafu anaelekezwa duka la nje. Mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee asiyejiweza wana msamaha katika sera, lakini wengi hawajui wadai nini na kwa nani, maana hospitali ya kanisa na ofisi ya halmashauri kila moja huwaelekeza kwa nyingine.

Dawa ya hilo haihitaji bilioni. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zibandike mikataba yao na hospitali za makanisa kwenye mbao za matangazo, Rubwera na Kayanga, kwa Kiswahili: serikali inalipia nini, kanisa linatoa nini, nani hatozwi. Na ifanyike kabla kadi za bima hazijaanza kugawiwa vijijini.