Herufi za Kupachikwa

Mwanafunzi akiandika “det” badala ya “debt”, mwalimu humpigia mstari mwekundu, na kwa kanuni za leo hajamwonea. Lakini Uingereza ya karne ya 14 ingempa mtoto huyo mashahidi wengi. Neno hilo liliingia kutoka Kifaransa likiwa “dette”, likaandikwa bila b kwa sababu b haikutamkwa. Baadaye wasomi waliohusudu Kilatini wakaichomeka ili neno lifanane na “debitum”. Kalamu zilitii, ndimi zikagoma hadi leo. Ndiyo maana nasema makosa mengi ya tahajia ya Kiingereza hayakuanzia kwa wanaojifunza. Yalianzia kwa wajuzi, kisha yakaitwa kanuni.

Mtetezi wa b atajibu kwamba herufi hiyo inaonyesha ukoo, kwamba “debt” na “debit” ni ndugu. Kwa neno hilo, sawa. Ila hoja yake haivuki maji kufika kwenye “island”. Hilo ni neno la Kiingereza cha kale, lililoandikwa “iegland”, wala halina nasaba na Kilatini. Lilipachikwa s kwa kufananishwa na “isle”, ambalo kweli limetokana na “insula”. Wasomi walilibambikia neno baba asiye wake, na leo mtoto wa Mbeya au Kisumu anakatwa maksi kwa kutomtambua baba huyo.

Si kila herufi bubu ni ya kupachikwa, lakini. K na gh za “knight” zilikuwa zikitamkwa kweli. William Caxton alianza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, na matbaa zikaanza kugandisha maandishi huku matamshi, hasa ya irabu ndefu, yakiendelea kuhama. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 ilikuta mengi yameshaganda.

Je, basi kila mtu aandike apendavyo? Hapana, tahajia moja humwezesha msomaji wa Lagos kumwelewa mwandishi wa London bila kubahatisha. Ninachopinga ni kuichukulia kama kipimo cha akili. Tahajia hushinda kwa kukubaliwa na watu, si kwa usahihi wake: mwanakamusi Noah Webster aliwapa Wamarekani “color” isiyo na u, wakaipokea. Katika kamusi yake ya 1828 alieleza pia kwamba “tongue” ni tahajia potofu, na kwamba iliyo sahihi ni “tung”. Kwa asili ya neno alikuwa na haki, maana Waingereza wa kale waliandika “tunge”. Wasomaji hawakumfuata.